Juani Mno

Saa nne usiku umeme umerudi Newala.
Ukungu umepanda kutoka bondeni, umekaa dirishani,
nyota hata moja haionekani.
Si neno. Za kwangu zimo kwenye jedwali,
mistari mia mbili na sita,
nami nakisogelea kioo hadi pua inakigusa,
kwa kuwa macho haya hucheza, hayatulii,
na miwani niliyopewa Ndanda ilivunjika wiki ya mnada.

Asumini anabangua korosho sakafuni,
vidole amevipaka majivu, utomvu usimchome.
"Unatafuta nini humo, Somoe?"

Kitovu cha galaksi, namwambia,
chenye tundu jeusi linalokula kwa haya
kama mgeni: tonge moja, ananawa.
Yale yanayobwia yanajulikana, yanawaka, yana majina.
Haya yamezamishwa na nyota za kwao wenyewe,
kongwe, nyekundu, nyingi kama watu wa jandoni,
hujui katikati yao pana moto
au ni umati tu.

Dawa yake ni kubadili mwanga.
Kwenye urujuanimno nyota kongwe hunyamaza,
zinazimika kama taa za vibanda soko likifungwa,
na katikati, pengine,
hubaki nukta.

Urujuanimno.
Lipasue neno hilo kwa kisu cha korosho:
ndani utakuta *juani*,
na nyuma ya juani, *mno*.

Nilikaa juani mno.
Darasa la tatu, tulipopangwa barabarani kuusubiri Mwenge,
Mwenge ukachelewa, bega langu likatoa malengelenge.
Mama akashona kofia yenye ukingo kama sinia.
Mafuta ya kliniki nilipaka kwa kijiko, nusu kwa siku,
nikasahau masikio.
Daktari akakata kipande cha sikio la kushoto,
akakitia chupani, akakiandika namba.

Ni mwanga uleule.
Hewa ya juu inatufunika, hupenya kidogo tu,
na hicho kidogo ndicho kilichonila.
Ndiyo maana darubini ilipelekwa nje ya mwavuli,
ikasimama huko kichwa wazi,
mahali ambapo mimi nisingemaliza dakika,
ikawa inahesabu.
Chembe moja. Kimya. Chembe nyingine.
Zimetembea miaka milioni sitini,
zimefika chache hivi
hata sisimizi haziwezi kumuunguza.

Mstari wa mia na kumi na tatu.
Machi: chembe mia mbili na kumi na mbili.
Septemba: mia na arobaini.
Nimepiga hesabu mara tatu.
Nimeitazama nyota jirani, labda darubini ndiyo iliyochoka;
nyota jirani haijatikisika.
Umati haupungui hivyo kwa miezi sita,
nyota hazina haraka ya namna hiyo.
Kinachoyumba hivi ni kimoja, ni kidogo,
na kinakula.

Mwisho wa mji tuna genge, Shimo la Mungu.
Watoto hutupa jiwe, hutega sikio, huondoka bila jibu.
Nililitupa la kwangu mwaka juzi, nikaomba zile picha,
nikakaa.

"Sasa limefanyaje, hilo tundu lako?"
"Limekula pungufu."
Anacheka, korosho inamtoka mkononi, inaviringika chini ya kabati.
"Basi ni kama sisi mwaka ule wa bei."

Nimeandika daftarini: *113, kipo.*
Nikakifuta hicho kipo.
Nikaandika: *kinayumba.*

Kesho zamu ya kuanika ni yangu.
Mikono mirefu, kofia ya mama,
masikio kwanza, kisha shingo.

"Zima hiyo, Somoe. Uniti zimebaki mbili."

Nazima.
Gizani ngozi ya bega inawasha pale pale pa zamani.